Mjerumani Aliyetafutwa Chokaani

Watu wa Chokaani, kwenye Ghuba ya Tungue, walimjua Chamima kwa mambo mawili: kufua na kucheka. Alifua nguo za shefe wa posto, yule Mreno aliyekuwa serikali nzima peke yake pale kijijini, na alicheka kila mahali ambapo kucheka kulikatazwa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushei, mwenye pengo mbele, na asubuhi uso wake ulikuwa mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wa urembo, kiasi kwamba hukuweza kujua kama amenuna au anakucheka.

Siku moja shefe alimtukana mbele ya watu kwa ajili ya doa dogo la chai. Chamima aliinamisha kichwa, akasema, "Sim, senhor," yaani ndiyo bwana, akaenda uani akapika uji mzito wa mhogo, akazitia wanga kaptula zote sita za shefe. Zilipokauka zilisimama ukutani zenyewe. Shefe alivaa moja akaenda kupokea wageni kutoka Mocímboa, na kila alipoketi ilisikika kama mtu anavunja kuni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo shefe hakulijua juu ya dobi wake. Alijua kuandika. Herufi za Kireno zilimpita kando, lakini za Kiarabu, zile ambazo watu wa pwani wameandikia Kiswahili chao tangu zamani, alizitiririsha kama maji. Na hilo lina kisa chake.

Babu yake, mzee Rajabo, alikuwa mchoma chokaa, mtoto wa watumwa. Zamani zile, kabla ya posto kujengwa, wachoma chokaa waliswali nyuma kabisa msikitini, karibu na viatu. Kisha akaja Shehe Chaquir kutoka Ngazija, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na twarika yake. Ijumaa ya kwanza, kabla ya kuanza swala, aligeuka, akapenya safu zote hadi mlangoni, akamshika Rajabo mkono uliojaa chokaa, akamleta safu ya mbele, nyuma yake palepale. Waungwana wawili wakatoka. Ijumaa ya pili wakubwa wa mji walifunga msikiti kwa kufuli. Shehe hakugombana na mtu. Alichukua mkeka wake akaenda kuutandika kwenye tanuri la chokaa, akaswalisha huko miezi saba, mpaka wakubwa wakachoka kuwa na msikiti wenye kila kitu isipokuwa watu. Wanafunzi wake ndio waliofungua chuo cha Kurani kilichopokea wajukuu wa watumwa, hata wasichana, na humo ndimo Chamima alimofundishwa kushika kalamu, na kuchapwa pia, kwa sababu alikuwa akimchora mwalimu.

Hayo yalikuwa yameshapita siku nyingi. Mwaka wa sita wa vita vya kuwaondoa Wareno yakaja mengine. Malori ya jeshi yalishusha watu kutoka bara, kutoka uwanda wa juu, wenye mabunda yao na kuku wao wachache, yakawaacha pembeni mwa mji ndani ya seng'enge. Shefe alisema ni kwa ajili ya kuwalinda. Kila Jumapili walihesabiwa, na watu wa mji walipangwa upande wa pili nao wakahesabiwa, ili wasione wamesahauliwa.

Miongoni mwa walioletwa alikuwa Benvinda, Mmakonde mrefu mwenye chale za kupendeza mashavuni na msalaba mdogo wa mti shingoni. Alikuwa amelelewa misheni na alijua kupika vyakula vya Wazungu, basi shefe akamweka jikoni. Majuma matatu yeye na Chamima walifanya kazi uani pamoja bila kuambiana zaidi ya "nipishe." Chamima aliamini watu wa bara hawajui kuoga. Benvinda aliamini watu wa pwani ndio waliowauza bibi zake. Kila mmoja alijiona ana haki, na mmoja wao alikuwa nayo kweli.

Ndipo shefe akatoa amri ya visima. Chokaani ilikuwa na visima viwili. Cha juu, karibu na posto, kilikuwa na maji matamu. Cha chini, karibu na mikoko, kilikuwa na maji ya chumvi, mazuri kwa kuoshea samaki na si kwa kingine. Amri ilisema watu wa mji watateka cha juu, watu wa bara watateka cha chini, na atakayekiuka atakiona. Shefe hakuwa mjinga. Alijua kwamba mwanamke aliyepewa maji matamu hatakaa akala njama na aliyenyimwa.

Na kweli, wanawake wa mji walifurahi. Foleni ilipungua. Chamima naye alifurahi, na baadaye, alipokuwa akikihadithia kisa hiki, hakuificha furaha hiyo hata siku moja.

Asubuhi moja Benvinda alikuwa akichambua maharage jikoni, na Chamima akapita na ndoo yake ya maji ya kutawadhia.

"Nyinyi mnanawa kabla ya kusali, siyo?" Benvinda aliuliza.

"Tunatawadha. Mara tano kwa siku."

"Kwa maji ya kisima cha juu?"

"Ndiyo."

"Vizuri," alisema Benvinda bila kuinua macho. "Mjukuu wangu anahara siku ya nne kwa yale ya chini. Lakini afadhali Mungu wenu yeye ananawiwa kwa matamu."

Chamima aliitua ndoo yake chini. Alimwachia ile ndoo mlangoni, akaondoka. Siku nzima alifua mashati ya shefe akasahau kuharibu hata moja. Mkononi alikuwa na sabuni na kichwani alikuwa na babu yake, mzee Rajabo, amesimama karibu na viatu.

Kesho yake alimletea Benvinda ndoo mbili, moja kwa ajili ya mjukuu, akaketi kwenye kinu akamhadithia habari za Shehe Chaquir tangu mwanzo hadi mwisho. Benvinda alisikiliza huku akikoroga sufuria.

"Sisi pia tulikuwa na mmoja," alisema. "Padri alituambia misheni. Mtawa wa Kijerumani, jina lake Lutero. Zamani sana. Aliona wakubwa wa kanisa wanauza msamaha wa Mungu kama watu wanavyouza samaki. Akaandika barua ya kuwashitaki, akachukua nyundo, akaipigilia kwenye mlango wa kanisa lenyewe."

"Mlangoni?"

"Mlangoni."

"Na nyundo?"

"Na misumari."

Chamima akasogea karibu. "Na padri wenu alimsifu?"

"Wapi! Alituambia ili tumwogope. Alisema tangu siku ile Kanisa halijapata usingizi. Mimi nilikuwa mdogo, nikanyoosha mkono nikauliza, 'Padri, na watu waliisoma?' Akasema, 'Waliisoma, mwanangu, ndiyo balaa yenyewe.' Akanipigisha magoti mpaka saa sita. Lakini shoga, mimi pale kwenye magoti nilikuwa nafikiria ile nyundo."

Ndiyo mara ya kwanza Benvinda alimwita shoga. Wakaangaliana, na kila mmoja akaona mwenzake anawaza nini.

"Nikiandika mimi kwa Kireno," Benvinda alisema polepole, "shefe ataujua mwandiko. Huniandikisha orodha za jikoni."

"Utaandika wewe kwa nini? Nitaandika mimi, kwa herufi za chuoni."

"Shefe hawezi kuzisoma."

"Ndiyo raha yake. Atatafuta wa kumsomea."

Wa kumsomea alikuwa mmoja tu, Abacar, mkalimani wa posto, mtu wa kofia safi na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alikuwa amekaa chuo kimoja na Chamima na alikuwa akinakili kwake.

Barua waliitunga siku mbili, Benvinda akikoroga, Chamima akisuuza, wakigombana juu ya kila neno. Benvinda alitaka iwe na hasira. Chamima alitaka watu wacheke kwanza, hasira waichukue waende nayo nyumbani. Mwishowe Chamima aliiandika kwenye karatasi ya kufungia sukari, kwa mkono uliotulia kuliko alivyotulia yeye.

Waliipigilia mchana kweupe, saa nane, shefe akiwa amelala na kijiji kizima kimejificha jua. Chamima alikwenda na kapu la nguo kichwani. Kwenye baraza ya posto alimkuta sipai Domingos, askari wa shefe, ameegemea bunduki, kope nzito.

"Unakwenda wapi na nyundo, mama?"

"Kamba ya kuanikia imekatika. Bwana mkubwa ameniambia nipige misumari mipya."

"Hapa mlangoni?"

"Mwanangu, ukitaka nimwamshe nimwulize, sema."

Domingos hakutaka shefe aamshwe. Alimshikia kapu. Hata alimshikia msumari wa pili, kwa sababu Chamima alijifanya hauoni vizuri, na karatasi yenyewe ilikuwa imefunikwa na shuka iliyotundikwa juu yake. Alipomaliza alimwambia ahsante, akasubiri sipai asinzie tena, akaondoa shuka yake akaenda zake. Njia nzima hadi nyumbani alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakirukaruka, hata jirani akamwuliza kama ana homa.

Shefe alipoamka akaiona, akawa mwekundu. Abacar akaitwa, akatazama karatasi, akasema ni maandishi magumu, yanahitaji utulivu. Shefe akakataa utulivu. Alikuwa na akili moja aliyoiona kubwa: kesho ni Jumapili, watu wote watakuwa wamesimama uwanjani kuhesabiwa. Barua itasomwa mbele yao kwa sauti, naye atatazama nyuso. Mwandishi atajulikana kwa kutetemeka.

Jumapili ilipofika, uwanja ulijaa, mji upande huu, bara upande ule. Abacar alipanda juu ya sanduku. Alimtazama shefe, akatazama karatasi, akaona hana pa kukimbilia, akasoma.

"'Sisi maji ya kisima cha juu tunawasalimu watu wote,'" alisoma Abacar. "'Tumekaa chini ya ardhi tangu babu zenu, hatujawahi kumwuliza mtu anasali wapi. Sasa tumesikia tumepewa kabila. Tunaomba tuonyeshwe kitambulisho chetu.'"

Mtu akakohoa upande wa bara. Mwingine akakohoa upande wa mji. Hakikuwa kikohozi.

"'Shefe ametutenga kwa kuwa anaogopa mkikutana kisimani mtazungumza. Haogopi bure. Na nyinyi wa mji mnaobeba ndoo za matamu mbele ya wenzenu, Shehe Chaquir aliwatoa babu zenu kwenye viatu akawaweka mbele. Je, mmefika mbele ndipo mkafunga mlango?'"

Hapo hakuna aliyekohoa. Wazee wa mji waliangalia vidole vya miguu yao. Chamima mwenyewe, aliyekuwa safu ya tatu, aliona maneno yake yakimrudia kama ya mtu mwingine, akahisi aibu upya.

"Inasema nini?" shefe alifoka kwa Kireno.

Abacar alikunja karatasi vizuri sana. "Ni dua, senhor. Wanamwombea senhor afya. Pia wanaomba mvua."

"Dua ndefu namna hii?"

"Afya ya senhor ni jambo kubwa."

Shefe alikuwa amejiandaa kuona nyuso zinazotetemeka, na aliona mamia. Waliojua Kireno walikuwa wameshawanong'onezea wenzao habari za ile dua, na watu walikuwa wameshika mbavu, wamejiziba midomo kwa kapulana, khanga zao, machozi yanawatoka. Aliwakamata ishirini, akawaachia jioni, kwa kuwa hakuweza kusema kosa lao ni nini.

Jumatatu alfajiri wanawake wa mji walitoka na ndoo zao, wakapita kisima cha juu bila kukitazama, wakateremka hadi mikokoni, wakapanga foleni nyuma ya wanawake wa bara. Chamima anasema hakuwaambia neno. Waliambiana wenyewe usiku kucha kupitia kuta. Hakuna amri iliyokataza kuteka maji mabaya, basi sipai Domingos alizunguka na bunduki akakosa la kumfanyia mtu. Kisima cha juu kikabaki na vyura. Pipa la shefe, ambalo wanawake wa mji ndio waliokuwa wakilijaza, likakauka, na mboga zake zikalala chini.

Asubuhi iliyofuata shefe alikunywa kahawa akaitema hadi ukutani.

"Hii nini?"

"Kahawa, senhor," alisema Benvinda, mikono nyuma. "Pipa halina maji, nimeteka mwenyewe. Amri ya senhor inasema watu wa bara wateke kisima cha chini. Mimi mtu wa bara. Naogopa kukiuka."

Shefe alikunywa chai ya chumvi, akala wali wa chumvi, akaogea chumvi, na Chamima akamsuuzia nguo za ndani kwa chumvi hiyohiyo. Siku ya nne alionekana akitembea miguu imetanuka. Siku ya tano amri ilifutwa, bila kutangazwa; sipai alipita tu akisema kila mtu ateke anapotaka.

Lakini mambo hayakuishia kwenye kicheko. Barua ilipelekwa mbali, kwa wakubwa wa shefe, na baada ya wiki akaja mpelelezi mmoja, kijana mwenye miwani myeusi. Alimwuliza Abacar mwandiko huo ni wa nani. Abacar aliujua kama anavyojua uso wa mama yake. Ile herufi ya kafu yenye mkia mrefu aliinakili miaka minne. Akasema ni mwandiko wa mwanamume, mtu mzima, aliyesoma Unguja. Hata hivyo kuna aliyesema dobi alionekana na nyundo, na kwamba haachani na mpishi. Wakamchukua Chamima na Benvinda, wakawaweka stoo ya posto siku kumi na moja.

Waliwapiga viganjani kwa palmatória, lile bapa la mti lenye matundu, mpaka mikono ikavimba kama mikate. Chamima alilia, na hakuona haya kusema kwamba alilia. Kila alipoulizwa nani alimfundisha fitina ile, alisema, "Shehe Chaquir." Yuko wapi? "Huyo huwezi kumfikia, bwana. Amejichimbia." Ilikuwa kweli, miaka arobaini alikuwa amechimbiwa kaburi nyuma ya msikiti. Benvinda alipoulizwa nani aliyempa habari za kupigilia barua, alisema, "Lutero, Mjerumani."

Miwani ya mpelelezi ilishuka puani. Kulikuwa na Wajerumani wa upande wa mashariki waliosemwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na mpelelezi alikuwa amesikia habari zao. Akaandika: Lutero, Mjerumani, mwalimu wa maasi, mjuzi wa nyundo. Akaandika: Chaquir, kiongozi wa dini, amejificha ardhini. Sipai wakapewa majina, wakapita nyumba kwa nyumba kuanzia Chokaani hadi kisiwa cha Rongui wakiwauliza wavuvi kama wamemwona Mzungu anayetembea na shehe mfupi.

Padri wa misheni alipokuja kuwaombea wafungwa waachiliwe, mpelelezi alimwuliza kama anamjua huyo Lutero. Benvinda aliyasikia haya kupitia ubao wa stoo.

"Nimemsikia," alisema padri. "Mtu wa hatari sana."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?"

"Hakika sijui. Kanisa lenyewe limesumbuka naye muda mrefu."

Kisha padri akaomba ruhusa atoke nje, akasimama nyuma ya ukuta, na Benvinda akasikia mtu akicheka huku akijiziba mdomo. Siku ya kumi na moja wakaachiwa, kwa kuwa wanawake wawili, dobi na mpishi, hawakuonekana kuwa na maana mbele ya majambazi wakubwa namna ile. Mikono ya Chamima haikurudi sawa. Kidole cha shahada cha kulia kilibaki kimepinda, na kalamu aliishika kwa vidole vingine.

Vita viliisha Septemba ya mwaka sabini na nne. Shefe aliondoka kwa lori, na watu wa msituni wakaingia Chokaani na bendera. Komisario wao, yaani msimamizi wa siasa, aliitwa Lázaro, kijana mwembamba kutoka uwandani, mwenye daftari. Alikuwa amesikia habari za visima, akamwita Chamima mbele ya mkutano.

"Mama, kamarada, waeleze watu. Nani aliyekuamsha? Ni chama, siyo?"

"Mwanangu, chama kilikuwa bado hakijafika huku. Aliyeniamsha mimi ni shehe wa Ngazija. Huyu mwenzangu aliamshwa na mtawa wa Kijerumani."

Watu wakacheka. Lázaro hakucheka. Alisema dini ni mambo ya kale, yalikuwa yakiwalaza watu. Chamima akasema labda za kwao, lakini hizi mbili ziliwanyima watu usingizi.

Jioni komisario alikuja nyumbani kwake, peke yake, bila daftari. Aliketi kwenye mkeka, akauliza, "Huyo Mjerumani. Ni yule wa mlango wa kanisa?"

"Unamjua?"

"Nilikuwa seminari miaka mitatu. Walitusomea habari zake ili tusiwe kama yeye." Akajikuna shingo. "Wiki iliyofuata nilitoroka, nikavuka Ruvuma."

Chamima alimwekea pweza wa nazi, akamwambia ale.

"Lakini msiyaseme haya mkutanini, mama," alisema Lázaro akila. "Kesho kutwa, Ijumaa saa saba, nitakuwa na mkutano mkubwa wa kina mama."

"Saa saba tunaswali."

"Mapinduzi hayangoji swala."

"Sawa, mwanangu. Ongeza mchuzi."

Ijumaa saa saba komisario alisimama uwanjani na daftari lake, bendera inapepea, na mbele yake walikuwa mbuzi wanne na sipai Domingos, ambaye hakuwa tena sipai na alikuwa akitafuta kazi. Benvinda na wanawake wa bara, ambao Ijumaa haikuwahusu, walikuwa wameamua wote kwa pamoja kwamba siku hiyo wana nywele za kusuka. Lázaro alingoja nusu saa. Kisha akafunga daftari, akatangaza kwa mbuzi kwamba mkutano umesogezwa hadi Jumamosi asubuhi.

Jumamosi kina mama walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta.